Alama za chuo cha utalii zisiwe hundi isiyo na fedha benki

MWENYE gesti ya vyumba 20 anapoajiri kijana aliyemaliza chuo cha utalii, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni cheti. Cheti kina alama, alama zina muhuri, na muhuri una heshima yake. Mwenye gesti hana muda wa kuuliza alama hizo zilipatikanaje. Anaipokea karatasi kama mfanyabiashara anavyopokea hundi kutoka kwa mtu anayemwamini. Miezi mitatu baadaye, kitabu cha mapokezi kinapokataa kulingana na fedha za droo, ndipo anapogundua kwamba hundi ile haikuwa na fedha benki.

Namna mwalimu anavyosahihisha kazi za muhula za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa utalii na hoteli huonekana kuwa jambo la chuoni, lisilomhusu mtu wa soko. Mawazo hayo si sahihi. Alama ni bei. Chuo kinapompa mwanafunzi alama ya juu kinamwambia mwajiri kwamba bidhaa hii ni ya daraja la kwanza. Kama mizani ya chuo imelegea, anayepata hasara ni mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe ni mwekezaji mdogo asiye na idara ya utumishi wala fedha za kumfundisha kijana upya.

Soko lenyewe si dogo. Kwa mujibu wa takwimu za serikali, watalii wa kimataifa waliofika Tanzania mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, idadi ilianguka hadi 620,867. Mwaka 2023 ilifika 1,808,205, na mwaka 2024 ikapanda hadi 2,141,895. Yaani katika miaka minne tangu mporomoko ule, idadi imeongezeka zaidi ya mara tatu. Ongezeko kama hilo huvuta mitaji midogo midogo: gesti, migahawa, magari ya kukodi, wapishi wa shughuli. Kila mtaji wa namna hiyo unahitaji watu wanaojua kazi, na watu hao wanatoka vyuoni.

SOMO LENYEWE LINADAI NINI

Somo la utangulizi wa usimamizi wa utalii na hoteli si somo gumu kama uhasibu wa juu. Mwanafunzi hufundishwa mtalii ni nani, sekta imegawanyika vipi, hoteli ina idara zipi, mapokezi hufanya nini, usafi wa vyumba unapangwaje, jiko na stoo vinahusiana vipi, na bei ya chumba hupatikanaje. Mwishoni hupewa zoezi linalokusanya yote hayo, na alama za zoezi hilo zikichanganywa na za majaribio na mtihani ndizo zinazoingia kwenye cheti.

Mfumo wa elimu ya ufundi nchini, kuanzia Sheria ya VETA ya mwaka 1994 na ile ya mwaka 1997 iliyoanzisha Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, umejengwa juu ya wazo moja la msingi: mwanafunzi apimwe kwa kile anachoweza kufanya. Kwenye karatasi wazo hilo halina ubishi. Ubishi unaanzia mezani kwa msahihishaji, saa nne za usiku, mbele ya rundo la makaratasi 80 yanayofanana.

MFANO WA MAKAMBAKO

Uchukuliwe mfano mmoja. Ni wa kutungwa, lakini hakuna mwalimu wa somo hili atakayeuona mgeni. Wanafunzi wameambiwa: una nyumba ya kulala wageni yenye vyumba 20 katika mji wa Makambako; eleza soko lake, uendeshaji wake na mapato yake kwa mwezi. Zoezi lina alama 20.

Mwanafunzi mmoja anawasilisha kurasa 12 zilizopigwa chapa vizuri, zenye jalada la plastiki. Anaanza na maana ya utalii, anaendelea na historia ya hoteli duniani, anaorodhesha mbuga za wanyama, kisha anasema nyumba hiyo itapata wageni wengi kwa kuwa Tanzania ina vivutio vingi zikiwemo fukwe zake nzuri. Anapendekeza wafanyakazi 22, wakiwemo meneja mkuu, meneja wa masoko, meneja wa chakula na vinywaji na mkuu wa usalama. Mapato anayakadiria hivi: vyumba 20 kwa Sh. 40,000 kwa siku 30, sawa na Sh. 24,000,000 kwa mwezi. Anamaliza kwa kusema biashara hiyo itakuwa na faida kubwa.

Msahihishaji aliyechoka anatoa alama 5 kati ya 5 kwa fasili, 4 kati ya 5 kwa soko, 4 kati ya 6 kwa uendeshaji, na 3 kati ya 4 kwa uandishi na marejeo. Jumla ni 16 kati ya 20, sawa na asilimia 80. Kijana anakwenda nyumbani akijiona meneja.

Sasa kazi hiyo hiyo isahihishwe na mtu aliyewahi kufungua gesti kwa fedha yake mwenyewe.

Kwanza, fasili. Mwanafunzi ameandika kwa usahihi kwamba mtalii ni mtu anayesafiri nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiozidi mwaka mmoja, kwa mapumziko, biashara au shughuli nyingine. Hiyo ndiyo maana inayotumiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la utalii. Lakini baada ya kuiandika ameiacha hapo hapo, akaendelea kuamini kwamba mtalii ni Mzungu mwenye kamera. Angeitumia fasili yake angeona kwamba Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita pale, barabara ya Njombe na Songea inaanzia pale, na reli ya TAZARA ina stesheni pale. Wageni wake ni mnunuzi wa mahindi, dalali wa mbao, mfanyabiashara wa viazi na parachichi kutoka Njombe, dereva wa lori, mtumishi aliyekuja semina, na familia inayokwenda msibani. Hao wote, kwa fasili aliyoiandika yeye mwenyewe, wamo. Fasili iliyonakiliwa na isiyotumika inastahili alama 2.

Pili, soko. Makambako haina ufukwe. Neno hilo moja linaonyesha kwamba ukurasa mzima umetoka kwenye kazi ya mtu mwingine iliyozungumzia mji mwingine. Mji huu una baridi, hasa Juni na Julai, na mgeni anayefika saa mbili usiku akiwa ametetemeka kwenye basi anataka maji ya moto na blanketi la pili. Mwanafunzi hakutaja hata kimoja. Alama 1.

Tatu, uendeshaji. Hapa ndipo fedha zilipo, na ndipo panapohitaji kutazamwa kwa hesabu.

HESABU ISIYOHITAJI KALKULETA KUBWA

Vyumba 20 kwa siku 30 ni vyumba-siku 600 vinavyoweza kuuzwa. Hakuna gesti ya mji wa njia panda inayouza vyote 600 kila mwezi. Ichukuliwe kwamba vimeuzwa 330. Hiyo ni asilimia 55 ya ujazaji. Aidha, si kila chumba kinauzwa kwa bei ya ubaoni. Mteja wa kila wiki hupunguziwa, kundi la semina hupunguziwa, na anayefika usiku wa manane hubembeleza. Ichukuliwe kwamba bei ya wastani iliyoingia mkononi ni Sh. 35,000. Mapato yanakuwa Sh. 11,550,000, chini ya nusu ya yale ya mwanafunzi.

Ukigawanya mapato hayo kwa vyumba-siku vyote 600, vilivyouzwa na visivyouzwa, unapata Sh. 19,250. Kipimo hiki, yaani pato kwa kila chumba kilichopo, ndicho wenye hoteli kubwa duniani hukitazama kila asubuhi, kwa sababu kinaunganisha bei na ujazaji kwa pamoja. Mwenye gesti aliyepandisha bei akafukuza wageni, na aliyeshusha bei akajaza vyumba bila faida, wote wawili huumbuliwa na kipimo hicho kimoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukijifunza kwa nusu saa.

Kwa upande wa matumizi, wafanyakazi 22 kwa wastani wa Sh. 280,000 kila mmoja ni Sh. 6,160,000. Ukiongeza mchango wa mwajiri wa asilimia 10 kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, unafika Sh. 6,776,000, karibu asilimia 59 ya mapato yote, kabla hata taa haijawashwa. Isitoshe, mwajiri mwenye watu 10 au zaidi huingia kwenye tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Gesti ya namna hii inaendeshwa na watu tisa wanaojua kupokezana kazi.

Wakiwa tisa, mishahara na mchango ni Sh. 2,772,000. Weka umeme na maji Sh. 1,600,000, sabuni na ufuaji wa mashuka Sh. 900,000, kifungua kinywa cha Sh. 5,000 kwa kila chumba kilichouzwa Sh. 1,650,000, ulinzi Sh. 600,000, matengenezo Sh. 800,000, leseni na ushuru mbalimbali Sh. 700,000, na riba ya mkopo Sh. 1,400,000. Jumla ni Sh. 10,422,000. Kinachobaki ni Sh. 1,128,000. Kila mwenye gesti atabadilisha tarakimu hizi kulingana na mji wake, lakini sura yake haibadiliki sana: faida ni nyembamba, na iko pembeni kabisa.

Unyembamba huo ndio unaofanya alama za chuo ziwe suala la soko. Gesti ikipoteza vyumba 33 tu kwa mwezi, yaani chumba kimoja na kidogo kwa siku, mapato yanapungua kwa Sh. 1,155,000. Kifungua kinywa kinachookolewa ni Sh. 165,000. Hasara halisi ni Sh. 990,000, na faida ya mwezi inabaki Sh. 138,000. Hiyo haitoshi hata nusu ya mshahara wa mhudumu mmoja.

Na chumba kimoja kwa siku hupotea kirahisi sana. Mteja wa zamani anapiga simu saa tatu usiku: "Dada, mna chumba?" Anajibiwa kwamba vimejaa, kumbe vyumba viwili viliachwa wazi tangu asubuhi na hakuna aliyevifuta kwenye kitabu. Kesho yake mteja huyo amehamia kwa jirani, na amewaambia wenzake watatu. Aliyejibu simu ile ana cheti chenye asilimia 80.

Kwa uendeshaji, basi, mwanafunzi wa mfano anastahili alama 1 kati ya 6. Uandishi wake abaki na 3. Jumla ni 7 kati ya 20. Tofauti kati ya 16 na 7 ndiyo hasara ambayo chuo kimeihamisha kutoka kwenye meza yake kwenda kwenye droo ya mwenye gesti.

KINACHOPASWA KUPIMWA

Haifai kusema kwamba uandishi hauna maana. Mapokezi huandika barua, stoo huandika kadi, meneja huandika taarifa. Lakini uandishi uwe sehemu ndogo. Zoezi la alama 100 lingeweza kugawanywa hivi: 30 kwa hesabu za uendeshaji, 30 kwa kazi ya mikono inayoonwa na msahihishaji, 20 kwa uchunguzi wa soko halisi, 10 kwa mahojiano ya mdomo na 10 kwa uandishi.

Hesabu hazihitaji kuwa za kutisha. Mpishi mwanafunzi aliyepika wali kuku wa watu 10 kwa viungo vya Sh. 38,000 aulizwe sahani iuzwe bei gani. Akijibu Sh. 8,000, aonyeshwe kwamba viungo vimekula asilimia 47.5 ya mauzo. Kama mgahawa unataka viungo visizidi asilimia 35, sahani ingepaswa kufika karibu Sh. 10,860, au gharama ya viungo ipunguzwe. Hapo mwanafunzi anaanza kufikiri kama mtu wa biashara: apunguze kipande, atafute muuza kuku mwingine, au apandishe bei na kuongeza kachumbari na tunda?

Kazi ya mikono nayo ipimwe kwa saa na kwa jicho. Kutandika kitanda, kupokea mgeni mwenye hasira, kutoa chenji bila kukosea, kufunga hesabu ya zamu na kumkabidhi anayeingia. Mambo haya hayaonekani kwenye insha.

Uchunguzi wa soko uwe wa miguu. Mwanafunzi aende stendi ya mabasi ya mji wake, aulize gesti tano bei zao za ubaoni na bei wanazouza kweli, ahesabu wageni wanaoshuka kwenye basi la mwisho, aandike alichokiona. Kurasa tatu za namna hiyo zina thamani kuliko 12 za historia ya hoteli.

Wapo waliotangulia kwenye njia hii. Shule ya hoteli ya Lausanne nchini Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1893, imejijengea jina kwa kuwapitisha wanafunzi wake jikoni na kwenye huduma ya meza kabla ya kuwaachia nadharia za menejimenti. Kwa majirani wa Kenya, Chuo cha Utalii kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi kiliwekewa hoteli yake chuoni hapo hapo Nairobi, na mwanafunzi hukosea mbele ya mgeni anayelipa. Hapa nyumbani, chuo cha hoteli kilichokuwa Forodhani, Dar es Salaam, kililea wahudumu wengi wa mahoteli ya umma. Leo Chuo cha Taifa cha Utalii chenye kampasi ya Bustani, na kile cha VETA cha Njiro, Arusha, vina majiko na vyumba vya mazoezi. Wazo, basi, si geni. Tatizo ni vyuo vinavyofundisha hoteli kwa ubao na chaki pekee, kisha vikatoa alama zinazofanana na za wale waliofundisha kwa sufuria na mashuka.

LUGHA NA HAKI YA MWANAFUNZI

Lipo jambo jingine ambalo wafanyabiashara hawalioni kwa urahisi, nalo linamuumiza mwanafunzi mwenyewe. Kazi nyingi za muhula huandikwa kwa Kiingereza. Binti aliyekulia kwenye mgahawa wa mama yake, anayejua kupima mchele kwa macho, anayekumbuka sura za wateja na madeni yao, anaweza kupata alama 9 kati ya 20 kwa sababu sentensi zake zimepinda. Mwenzake aliyesoma shule ya gharama, asiyewahi kuosha sahani ya mgeni, anapata 16. Soko linaletewa yule wa pili kama bora, na yule wa kwanza anarudi kijijini akiamini kwamba hafai.

Hata hivyo, haitakuwa busara kusema Kiingereza kiondolewe. Mgeni wa Serengeti au Nungwi hazungumzi Kiswahili, na mwajiri ana haki ya kudai mhudumu anayeelewana naye. Suluhisho ni kukipima Kiingereza pale kinapofanya kazi. Mwanafunzi asimamishwe nyuma ya meza ya mapokezi, amweleze mgeni kwa nini maji ya moto yamekatika na atafanya nini kuhusu hilo. Kama ameeleweka, na mgeni ametulia, alama apewe. Hesabu zake za vyumba na kadi yake ya stoo visahihishwe kwa usahihi wa tarakimu, si kwa uzuri wa sarufi.

BIASHARA YA RIPOTI

Kinachoharibu mizani zaidi ni kunakili. Si siri kwamba karibu na vyuo vingi zipo steshenari zinazouza kazi zilizokwisha kuandikwa, na ripoti za mafunzo ya vitendo hubadilishwa jina la mwanafunzi na la hoteli tu. Siku hizi zimeongezeka programu za akili mnemba ambazo humwandikia mtu kurasa 12 kwa dakika mbili, tena bila kosa la sarufi. Insha kuhusu umuhimu wa huduma bora kwa mteja haiwezi tena kumtenganisha anayejua na asiyejua.

Lakini programu haiwezi kwenda stendi ya Makambako ikahesabu abiria wa basi la mwisho, wala kutandika kitanda mbele ya msahihishaji. Wala haiwezi kukaa kitini na kuulizwa kwa mdomo: "Ukipoteza vyumba 33 kwa mwezi utamwambia nini mwenye mali?" Dakika tano za mahojiano zinatosha kujua kama kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe. Kadiri zoezi linavyokaribia soko halisi, ndivyo kunakili kunavyokuwa ghali na kujifunza kunavyokuwa rahisi.

WALIMU WANA LAO

Haki inataka walimu nao wasikilizwe. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 akimhoji kila mmoja dakika tano ametumia saa sita na dakika 40 kwa zoezi moja. Jiko la mazoezi linahitaji gesi, nyama na mafuta kila wiki, na ada za vyuo vidogo hazitoshi. Aidha, mwalimu anayetoa alama 7 kwa nusu ya darasa ataitwa ofisini kueleza kwa nini wanafunzi wamefeli, wakati yule anayegawa 16 haulizwi na mtu. Chuo binafsi kinachofelisha sana hukosa wanafunzi mwaka unaofuata. Kwa lugha ya soko, mwalimu mkali anabeba gharama, na mwalimu mlegevu anapata faida. Katika hali hiyo si ajabu kwamba ulegevu unaongezeka.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haimalizi mjadala. Mahojiano yanaweza kufanywa kwa makundi ya watu wanne, kila mmoja akiulizwa swali lake. Darasa la 80 linaweza kufanya kazi ya mikono kwa zamu. Na zoezi la hesabu za vyumba husahihishwa haraka kuliko insha, kwa kuwa jibu ni sahihi au si sahihi. Kinachohitaji fedha kweli ni jiko na vyumba vya mazoezi, na hapo ndipo mfanyabiashara anapoingia.

WAJIBU WA WENYE MITAJI

Mwenye hoteli anayelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kazi aulizwe swali moja: mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo alipokuja kwake mwaka jana, alimfanyia nini? Mara nyingi kijana huyo alipewa ufagio kwa wiki nane, na siku ya mwisho daftari lake likatiwa sahihi na muhuri kwamba amepitia mapokezi, jiko, stoo na vyumba. Sahihi hiyo ilikwenda chuoni ikageuzwa kuwa alama. Mfanyabiashara huyo ametia sahihi nyuma ya hundi isiyo na fedha, na sasa anashangaa hundi za namna hiyo zimejaa sokoni.

Wapo pia wanaowaona wanafunzi hao kuwa vibarua wa bure wa msimu wa wageni wengi. Hiyo ni faida ya miezi miwili inayolipwa kwa hasara ya miaka kumi. Ikumbukwe kwamba mwajiri anayelipa SDL anachangia mafunzo tayari, maana sehemu ya tozo hiyo hupelekwa VETA. Mtu aliyelipia bidhaa hukagua bidhaa. Wenye hoteli na gesti wana sababu zote za kudai nafasi kwenye vikao vinavyotunga mazoezi, kukubali kukaa kama wasahihishaji wa siku moja kwa muhula, na kukataa kutia sahihi daftari la kijana ambaye hawajamwona akifunga zamu.

Kwa mwekezaji mdogo asiye na muda wa vikao, ipo njia fupi. Kijana anapoleta cheti, apewe karatasi na kalamu na aulizwe maswali matatu: vyumba 20 kwa mwezi ni vyumba-siku vingapi, vikiuzwa 330 ujazaji ni asilimia ngapi, na mteja akipiga simu saa tatu usiku vyumba vikiwa vimejaa kweli, utamjibu nini? La tatu ni zito kuliko mawili ya kwanza. Anayejibu, "Pole kaka, leo vimejaa, lakini ngoja nimpigie jirani yetu nikuulizie, na kesho nakuwekea," huyo aajiriwe hata kama cheti chake kina alama ya C. Mteja wake atarudi.

Vyuo vikiona kwamba waajiri wanauliza maswali hayo, vitaanza kuyafundisha. Hakuna waraka wa wizara unaoweza kubadili mitihani haraka kuliko wanunuzi wanaokataa mali mbovu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa sasa vyeti vingi vya hoteli vinatembezwa ofisi hadi ofisi ndani ya bahasha za kaki, na wenye gesti wanaotafuta mtu wa mapokezi wanazidi kulalamika kwamba hawampati. Pande hizo mbili zitakutana siku ambayo alama 16 itamaanisha kwamba kijana anajua tofauti kati ya milioni 24 za kwenye karatasi na milioni 11 na nusu za kwenye droo.